Mwaka wa Sufuria Moja

Mwezi uliopita niliketi katika ukumbi wa kanisa huko Kawangware, kwenye mkutano wa matanga ya Mama Risper, nikawasikiliza wanawake wakisimama mmoja baada ya mwingine kusimulia jinsi marehemu alivyowafundisha kula. Mmoja alisema Mama Risper ndiye aliyemwachisha chai ya sukari. Mwingine alisema alikuwa akipita kwake kila Jumapili baada ya ibada kujifunza kusonga ugali wa wimbi usiobomoka. Wa tatu, mwenye kilemba cha zambarau, akasema, "Mimi na yeye tulikula sufuria moja miaka minne," na hapo nikahisi kitu kikinikwaruza kifuani, kitu nilichokijua tangu ujana wangu, nikainamisha macho nikaangalia sakafu. Mama Risper alikufa na mvi kichwa kizima, miguu yake yote miwili na macho yake yote mawili, jambo ambalo sisi wagonjwa wa sukari hatulipati kirahisi. Kilichomchukua ni mapafu. Nami, mwanamke mzima wa miaka hamsini na kitu, nilikuwa nimekaa pale namwonea wivu mtu nisiyemjua kwa sababu yeye alipewa miaka minne na mimi nilipewa mmoja, na huo mmoja niliuharibu kwa mkono wangu. Risper, bintiye, akaniita mbele. "Anti Nafula, wewe ndiye wa kwanza kabisa. Tuambie." Nilisimama nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu, nikarudi nikaketi. Mengine yote nayaandika hapa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cherehani moja, na chumba cha kupanga Lindi, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, chenye kuta za udongo na bati lililotobolewa na misumari ya wapangaji walionitangulia, hivi kwamba jua la asubuhi liliingia kwa matone na kunikuta nimekwisha kunywa jagi zima la maji. Ugonjwa wangu ulianza kwa kiu. Nilikunywa, nikaenda choo, nikarudi nikanywa tena, na sketi nilizojishonea mwenyewe Krismasi zikawa zinanidondoka kiunoni kabla ya Pasaka. Fundi mwenzangu alimnong'oneza mteja, wakidhani sauti ya cherehani inanizuia kusikia, "Huyu amepata ile kitu," maana siku zile mtu akikonda watu hawakutafuta maelezo mengine ila Ukimwi. Kwa hiyo daktari aliponiambia ni ugonjwa wa sukari nilicheka kwa furaha, naye akanishangaa. Alinipa vidonge na karatasi iliyopigwa taipu: sukari hapana, soda hapana, mandazi hapana, mkate mweupe hapana, ugali mweupe kidogo sana au usiwepo kabisa. Kisha akaniandikia niwe nahudhuria zahanati moja Kawangware, ambako watu wa sukari walikuwa na siku yao, Alhamisi.

Pale zahanati, kipimo kilikuwa ni rangi. Sista Leonida, muuguzi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitia matone ya mkojo wa kila mtu katika kichupa chenye dawa ya bluu, akakishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti mpaka kikachemka. Bluu ikibaki bluu, huna neno. Ikigeuka kijani, umeteleza. Manjano ni mbaya, rangi ya chungwa mbaya zaidi, na mwisho kabisa ni rangi ya matofali, ambayo haikuhitaji kuelezwa. Vichupa vilipangwa dirishani kwa mstari, kila kimoja na kijikaratasi cha jina, na sote tuliokaa kwenye mabenchi tulikuwa tunaona cha kila mtu. Alhamisi yangu ya kwanza vilikuwepo viwili vya matofali, vikiwa vimesimama pamoja. Mwanamke mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye leso iliyonukia dagaa wa omena, akaangalia kile chake, akaangalia changu, akanigeukia. "Na wewe ni tofali? Basi wacha tujenge nyumba." Benchi zima likacheka. Hata sista alicheka.

Huyo ndiye Mama Risper. Alikuwa akiuza omena Kisumu Ndogo, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na watoto wake walikuwa wakiishi na nyanya yao Bondo. Siku ile tulirudi kwa miguu pamoja, tukafuata Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, tukashika Ngong Road, na kabla hatujafika kwetu alikuwa amekwisha kuamua. "Peke yako huwezi hii kitu, nyathina. Utapika vizuri siku mbili, siku ya tatu usikie harufu ya chapati kwa jirani, uingie. Tupike sufuria moja. Mimi nikikuona na wewe ukiniona, nani ataiba?" Nyathina ni mtoto wangu kwa Kijaluo. Alikuwa ananizidi miaka kumi na minne tu, lakini sikuwa nimeitwa hivyo na mtu yeyote Nairobi, na nikakubali kabla sijajua ninakubali nini.

Chumba chake kilikuwa katikati ya baa na kanisa, na jioni za Jumamosi tulikula huku upande mmoja wakiimba rumba na upande wa pili wakikemea mapepo. Kulikuwa na kitanda, pazia la maua, jiko la makaa mlangoni, na juu ya kabati sinia tatu za omena zilizofunikwa kwa gazeti. Ugali wetu wa kwanza wa wimbi na mtama ulikuwa mweusi, ukanata kwenye mwiko kama lami, nikaula huku machozi yananilenga kwa kuukumbuka ugali mweupe. "Tafuna," akaniambia. "Ulimi ni mpangaji tu. Mwenye nyumba ni damu." Tulikula omena zilizokaangwa kwa nyanya na mafuta kidogo, mboga za mrenda na kunde, majani ya managu yaliyochemshwa na maziwa, nusu parachichi kila mmoja. Chai tuliinywa chungu. Asubuhi ilikuwa uji wa wimbi wa ndimu, na kwa kuwa yeye alitoka mapema kwenda Gikomba kuchukua omena, kazi ya uji ikawa yangu. Niliupika kwake, nikajaza flaski yake kubwa ya bluu, akirudi akaibeba kwenda kwenye meza yake ya biashara na kuunywa mpaka mchana, vikombe vinne au vitano. Mimi nilikunywa kikombe kimoja nikaenda kushona. Nakiri kwamba miezi ile miwili ya kwanza nilikuwa na furaha kuliko wakati mwingine wowote wa ujana wangu, ingawa nilikuwa na njaa kila saa.

Kisha rangi zikaachana. Mwezi wa nne kichupa cha Mama Risper kikawa cha chungwa, wiki mbili baadaye manjano, halafu kijani. Changu kilikuwa tofali. Mwanzoni nilimfurahia, au nilisema hivyo kwa mdomo. Mwezi wa sita, Alhamisi moja yenye baridi, sista Leonida alikiinua kichupa chake dirishani, kikiwa bluu kama kilivyoingia, akatuambia sote tukiangalie. "Mwanamke muuza omena, hana friji, hana pesa ya kuku, na ona. Mama Risper, simama uwaambie watu unakula nini." Akasimama, akawaambia. Ugali wetu. Mrenda wetu. Uji wetu, uji ambao mimi ndiye niliyeukoroga. Kina mama walimzunguka wakamwuliza wimbi anapata kwa kinu gani, naye akawaelekeza hapo hapo Kawangware, sokoni, huku akicheka na kuwashika mabega, na aliwaita wengine wawili nyathina. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na koti langu mkononi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nani atamwuliza tofali jinsi ya kula?

Tangu siku ile nilianza kumpima kwa macho. Nilihesabu matonge yake. Yalikuwa mengi kuliko yangu. Nilipima kipande chake cha parachichi. Usingizi ulimjia mapema, ngozi yake ikawaka, alinunua viatu vipya vya wazi kwa sababu ganzi ya vidole ilikuwa imekwisha, na kila kitu kizuri kilichompata nilikiona kama kimetolewa kwangu. Siku moja alipotoka nilifunua godoro lake na kupekua kabati, nikiamini kuna dawa ya miti anayoificha. Nilikuta picha za watoto, Biblia ya Kijaluo na vifungo vya kanzu. Mimi nilizidi kukonda. Nilipunguza hata kile kidogo nilichoruhusiwa, nikala kiganja cha mboga tu, na Alhamisi ikifika, tofali.

Kilichonivunja hasa nilikisikia kupitia ukuta wa mbao. Nilikuwa nje ya chumba cha kupimia, nafunga kamba ya kiatu, na ndani walikuwa sista na Mama Risper.

"Yule rafiki yako ananidanganya," sista alisema. "Hakuna mtu anakula hivyo halafu mkojo inatoka hivi. Huyo anakula mandazi huko kwa cherehani."

Nilisubiri. Nilisubiri aseme hapana, nakula naye, nalijua tumbo lake kama langu. Alisema kwa sauti ya huruma, "Ni mtoto, sista. Ulimi ya mtoto ni ngumu. Pole pole tu."

Tulitembea naye hadi nyumbani akinisimulia habari za bei ya omena, nami nikiitikia. Kesho yake asubuhi nilinunua robo kilo ya sukari dukani Lindi, nikaiweka kwenye mfuko wa aproni, na uji ulipochemka nikatia vijiko viwili katika flaski ya bluu. Kikombe changu nilikuwa nimekwisha kukimimina kando. Nimesikia watu wakisema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia mtu. Nilifikiri kwa maneno kamili: hata yeye aone inavyokuwa.

Vijiko viwili vikawa vinne, vinne vikawa sita, taratibu, ili ulimi wake uzoee. Wiki ya pili alifunua flaski mezani kwake, akanywa, akaniita nilipokuwa napita. "Nafula! Hii uji yako siku hizi imekuwa tamu. Unaweka nini?"

"Kimea," nikamwambia. Kimea ni wimbi iliyooteshwa ikaanikwa na kusagwa, ile ya kupikia pombe ya busaa, na kweli ina utamu wake wa asili. "Nimechanganya na kimea kidogo, nilipata Kawangware." Hata nilinunua mkebe mmoja nikauweka kwenye rafu yake, aone.

Alicheka mpaka akashika meza. "Nyinyi Waluhya! Hata uji mtaigeuza busaa." Halafu akamgeukia mteja wake akamwambia, na alikuwa anajivuna, "Huyu mtoto anajua kupika, wacha tu."

Nililala na sifa ile kama mtu aliyelalia jiwe. Lakini asubuhi nilitia sita tena. Mwishoni mwa mwezi wa saba kichupa chake kikawa kijani, halafu manjano, na Alhamisi moja kikasimama dirishani rangi ya chungwa, hatua moja kutoka kwangu. Sista Leonida hakumwita mbele. Alimwambia akiwa ameketi, watu wote wakisikia, "Sifa zimekulevya, mama. Umeanza kurudi kwa keki." Mama Risper aliinuka, tukaondoka. Tulipofika kule Dagoretti Corner alisimama kando ya barabara, akajifuta uso kwa leso, akasema, "Mimi sijakula kitu, Nafula. Wewe unajua. Wewe si ndiye unaniona?" Nikasema ndiyo, ninajua. Ningependa kuandika kwamba niliungua kwa aibu pale pale. Ukweli ni kwamba kwanza nilipata raha, raha safi kabisa, ya kumwona akiomba kuaminiwa. Aibu ilikuja baadaye, tulipokaa kula, aliposukuma sahani yake na kusema labda ugali ndio umezidi, atakula mboga peke yake. Alianza kujinyima kama nilivyojinyima. Vidole vyake vikarudia ganzi. Na mimi sikuacha, kwa sababu kuacha kungemrudisha kwenye bluu, aniache tena peke yangu dirishani.

Mwezi wa nane, katikati ya mchana, nilianguka kwenye cherehani. Nakumbuka pumzi zangu zikienda mbio bila mimi, na mdomo wenye harufu kama ya matunda yaliyooza. Niliambiwa baadaye kwamba Mama Risper aliacha omena mezani bila mtu, akatafuta mkokoteni, akanilaza juu yake, akausukuma yeye na mwenye mkokoteni mpaka barabarani, akapiga kelele gari likasimama. Niliamka baada ya siku mbili katika wadi, nikiwa na mpira wa maji mkononi. Daktari, kijana mpole, aliketi kitandani akanieleza kwamba ugonjwa wangu na wa wale kina mama ni ndugu wa jina tu. Wao miili yao bado inatengeneza dawa yake ya sukari, chakula kikiisaidia inatosha. Wangu ulikuwa umeacha kuitengeneza. "Hata ungekula majani matupu," akasema, "ungekuwa hivi hivi. Haikuwa makosa yako. Wewe ni wa sindano, kila siku, maisha yako yote." Nililia, na yeye alidhani ni kwa sababu ya sindano.

Mama Risper alikuwa akija kila siku saa ya kuona wagonjwa, lakini zile siku za kwanza nilijifanya nimelala. Wiki ya pili nilimkuta ameketi kabla sijafumba macho. Alikuwa ameongea na daktari. Aliushika mkono wangu wenye mpira.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Nilimwambia sista ati ulimi yako ni ngumu. Nilidhani unaiba. Miezi yote hiyo ulikuwa unakula vizuri na unakufa, na mimi nakuita mwizi moyoni. Nisamehe, nyathina."

Hata kwa toba alinitangulia. Hilo ndilo lililonijia kwanza, na linanitia haya mpaka leo: nilimwonea wivu kwa kuwa na kosa dogo kiasi kile, kosa linaloweza kusemwa mchana, mbele ya wagonjwa wengine. Nilisema nimesamehe. Aliendelea kuushika mkono wangu, lakini sasa hakuwa akiniangalia.

"Kuna kitu ingine. Tangu uanguke, napika uji mwenyewe. Na ile ile kimea yako, ya kwa mkebe." Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa akikohoa. "Haina utamu, Nafula. Nimeongeza, nikaongeza, bado haina ule utamu. Na jana Alhamisi mimi ni bluu."

Niliangalia mpira wa maji mkononi mwangu.

"Vijiko ngapi?"

"Sita," nikasema. "Mwisho nane."

Aliuachia mkono wangu taratibu, akauweka juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Alikaa mpaka kengele ikagongwa, nami nikatamani apige kelele, anitukane kwa Kijaluo, awaambie watu wa wadi. Akasimama, akanifunulia bakuli la managu alilonipikia, akaweka kijiko kando yake, akaenda. Kesho yake bakuli lililetwa na jirani. Na kesho kutwa. Halikukosa hata siku moja, na yeye hakuja.

Nilitoka hospitali nikiwa na chupa ndogo ya insulini na maagizo kwamba isipatwe na joto, nami sikuwa na friji wala mtu wa karibu mwenye friji. Jioni hiyo hiyo nilikuta mlangoni nyungu ya udongo, imejazwa mchanga uliolowanishwa, na kikombe cha bati katikati pa kuweka chupa. Nilijua ni yake. Nilimfuata mpaka mezani kwake kumshukuru, akasema, "Lowesha mchanga asubuhi na jioni," akamgeukia mteja. Ikawa hivyo miezi mitatu. Kila mtu alipika kwake. Alhamisi tulikwenda zahanati kila mmoja na njia yake, na nilijifunza kujidunga paja, nikanenepa, sketi zikanikaa, na sista Leonida aliniita pembeni akaniambia pole, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. Nilikuwa mzima, na sikuwa na mtu wa kula naye. Nilisikia kwamba jioni kina mama wawili wa zahanati walikuwa wanakuja kwake kupika, nikawa napita mbali nisisikie vicheko vyao. Nilisikia pia kwamba mwaka ukiisha atahamia Kawangware, amepata kibanda sokoni.

Jumamosi moja ya Desemba, asubuhi, jirani yake alikuja akaniambia naitwa. Nilimkuta kitandani na malaria, amejifunika mablanketi mawili na meno yanagongana. Nusu ya vitu vyake ilikuwa imefungwa kwenye magunia ya kuhama. Jiko lilikuwa limewashwa, unga na ndimu viko juu ya kigoda.

"Pika uji," akasema.

Nilivua sweta nikalitundika msumarini. Nikakunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko. Alikuwa amelala kwa ubavu, amenielekea, na macho yake yenye homa hayakutoka mikononi mwangu. Nilipochota unga aliangalia. Nilipokoroga kwa maji baridi, nilipomimina kwenye sufuria, nilipokamua ndimu, aliangalia. Nilifanya kila kitu polepole, viganja vikiwa wazi. Nilimpa kikombe cha kwanza akakinusa, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akangoja, halafu akanywa mpaka mwisho.

"Haina utamu," alisema.

"Haina."

Akanipa kikombe nimwongezee. Alipomaliza cha pili alikirudisha, akajivuta blanketi mabegani. Uji mwingine ulikuwa bado jikoni, wa kujaza flaski yake ya mchana. Nilikuwa nimeinama nimeishika sufuria kwa kitambaa, nusu imekwisha kumiminika, niliposikia kitanda kikilia. Mama Risper alikuwa amegeuka, amenipa mgongo, anaangalia ukuta.